Kampala ao Mwanza

...na kila shule na rangi yake ya sare, rafiki yangu Patience amesema, kila shule, si kama hapa kwetu ambapo ukitoka Bunia mpaka mwisho wa Kongo mwanafunzi ni bluu na nyeupe, bluu na nyeupe, miaka kumi na mbili nakata bluu na nyeupe hadi mkasi unajua njia wenyewe, lakini kule Kampala kuna zambarau, kuna kijani cha chupa, kuna sketi za marinda ishirini na nne, ishirini na nne! nani atapanga marinda ishirini na nne kwenye kiuno cha mtoto wa miaka sita bila kitambaa kuvimba, mimi, mimi ninaweza, nimeshayapanga kichwani tangu Jumatatu... "Mama, usitembeze kichwa," Dany mpiga picha anasema, "na masikio ionekane," sawa, nasukuma kitambaa cha kichwa nyuma, mikono magotini, mgongo wima mbele ya shuka jeupe alilolipigilia misumari ukutani, "na usicheke, kwa pasipoti habapendi meno," lakini Dany, sicheki, huu ndio uso wangu wa wiki hii, nimejaribu kuukunja asubuhi nikipika chai ukakataa, na pale kwenye benchi Laurent mume wangu amempakata Osée wetu wa miaka minne, Abigaël amekaa ubavuni mwake na gauni la Pasaka, miaka tisa na miguu tayari inagusa sakafu, wote wanangoja zamu yao, na Dany anarudi nyuma ya kamera na kuuliza kama anayeuliza bei ya nyanya, "Sasa munaenda wapi?" na papo hapo taa inazimika, chumba hakina dirisha, mchana wote umebaki nje ya pazia... "Ah, courant tena! Mama, bakia vile vile, usishuke, nawasha groupe," na anatoka mlango wa nyuma kuhangaika na jenereta yake, na mimi nimebaki juu ya kiti, gizani, na swali lake.

Tunaenda wapi. Laurent hakumjibu, aliniangalia mimi, niliona kabla taa haijazimika, kwa sababu leo asubuhi njiani kutoka kwetu Bigo, Osée mabegani mwake, alisema bila kugeuka, "Weye njo utachagua. Mara ya kwanza nilichagua mimi," akaendelea kutembea kama mtu aliyesema mvua inakuja, na mimi nyuma yake nikashika mkono wa Abigaël kwa nguvu hadi mtoto akalia mama unaniumiza... eti nichague, mimi, nchi! nimezoea kuchagua vifungo, na leo ni Ijumaa, Patience anataka jibu kesho, Patience niliyejifunza naye kushona meza moja, benchi moja, sindano tukiazimana, sasa ana mashini sita za umeme Kampala na wasichana watano wa kuzikalia, lakini mkataji hana, na simu yake ya Jumatatu bado inalia sikioni mwangu, "Espérance, kuya unikatie, bengine banaharibu kitambaa, tukisimama muzuri jina yangu na yako itakuwa mulangoni," jina langu mlangoni, mama weee, moyo uliruka hadi nikajichoma kidole, na jioni ile ile Lionel, mdogo wake Laurent, naye akapiga kutoka Mwanza, kana kwamba walipatana, kule Tanzania anafundisha Kifaransa mwaka wa saba sasa, na mkuu wa shule yake anatafuta mwalimu wa pili, amesema mlete ndugu yako, nyumba ya mwalimu ipo, vyumba viwili na mpera nyuma, ni yeye kukubali tu... nchi mbili siku moja, siye ambao miaka yote hakuna aliyetuita popote, ila kukimbia tu.

Na kuondoka ni lazima, hilo hatubishani, hilo liliisha mwezi uliopita pale barabarani karibu na duka langu, pikipiki ilipasuka gurudumu, pah! kama risasi, moja tu, watu wakacheka, dereva akatukana, na nilipogeuka Abigaël alikuwa ameshavaa viatu, mfuko mgongoni, mkono wa Osée mkononi mwake, amesimama mlangoni ananingoja, halii, haulizi, ananingoja tu kama mtu mzima anayengoja basi, na usiku Laurent akasema, mutoto wa miaka tisa asijue kazi hiyo, nikasema ndiyo, na hatujazungumza tena juu ya kubaki. Bon. Kwenda, basi. Lakini wapi... Mwanza Abigaël atamwelewa mwalimu siku ya kwanza, masomo ni Kiswahili, hata kama si Kiswahili chetu, Lionel alinicheka kwenye simu, "Shemeji, huku ukisema chakula iko watakuuliza kiko wapi na kimekosa nini," nikacheka na mimi, nitajifunza, kiko, viko, yuko, nitaweka viko vyote mahali pake, na Laurent ataamka asubuhi, shati nimelipiga pasi, chaki mfukoni, mwalimu, Mwalimu Laurent, watoto wasimame akiingia, na mimi nitaanza na meza moja barazani, nitabadilisha zipu, nitapunguza suruali za majirani, mwaka mmoja, miwili, mitatu, hadi wajue mkono wangu... ninawaza hivyo na kitu kinalala ndani yangu, kama mashini mtu amezima ufunguo, halafu nikisema Kampala, Kampala tu, kimoyomoyo, kinanguruma tena chote, vidole vinacheza gotini, na hapo ndipo ninapojiona mbaya, kwa sababu Kampala Laurent ni nani, mwalimu wa hesabu kwa Kifaransa, Kampala shule ni Kiingereza, nani atamchukua, Kiswahili chenyewe Patience anasema wengine wanakikwepa, wanakiita lugha ya maaskari, atafanya nini, atabeba vifurushi vya sare vyangu hadi kwa wateja? atakaa barazani akingoja mke arudi? ndugu zake watasema nini, mwanaume anafuata mkasi wa mke... na zaidi ya ndugu zake, kuna kambi, ninaijua kambi, Laurent bila kazi nilimwona kwa macho yangu, Kyangwali, Uganda, tulipovuka Ziwa Albert mwaka ule wa kukimbia vita Djugu, Abigaël miaka miwili mgongoni, miezi minane ng'ambo, na Laurent akawa mgonjwa, mgonjwa wa kukaa bure, ndivyo ninavyowaambia watu wote, mume wangu aliumwa kule kwa kukosa kazi ndiyo maana tukarudi, nimesema hivyo kwa majirani, kwa mchungaji, kwa Patience mwenyewe Jumatatu, "weye unajua Laurent alivyougua kambini," nilisema, nikiwa najitetea, na Laurent mwenyewe alikuwa pale pale anakata kucha za Osée, hakuinua kichwa...

"Papa," Abigaël anasema gizani. "Kama ni Kampala, weye utafanya kazi gani?" Mtoto ameuliza niliyoogopa kuuliza siku nne. "Nitafundisha," Laurent anajibu. "Kule banasema Kifaransa?" "Apana." "Sasa utafundisha na nini?" naye anacheka kidogo, ninamsikia akimhamishia Osée goti la pili, "Hesabu haina kabila. Sept plus sept?" "Quatorze!" "Basi. Ukipewa vifuniko saba vya soda na vingine saba, nchi gani watahesabu kumi na tano?" na Osée anapiga kelele kwamba yeye atahesabu mia, wanacheka wote watatu, na mimi juu ya kiti changu...

Vifuniko. Vifuniko vya soda. Ngoja. Kule kambini, nyuma ya tangi la maji, turubai limefungwa kwa kamba ya katani, na vifuniko, gunia zima, Laurent aliviokota mwenyewe, kila mtoto kumi, na sauti yake, ninaisikia, trois fois quatre, tatu mara nne, na sauti zile nyembamba arobaini zikimjibu, arobaini na moja, aliniambia idadi kila jioni, leo walikuwa thelathini na nane, leo arobaini na moja, hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa, wiki ya tatu tu alikuwa ameshapata kazi... na mimi nilikuwa wapi nikizisikia sauti zile, nilizisikia kutoka ndani, nilizisikia nimelala, nimelala mkekani mchana, macho kwenye turubai la bluu, mikono miwili tumboni kama vitu vya mtu mwingine, kwa sababu mashini yangu ilibaki kijijini na nyumba na yote, Abigaël akilia ni mwanamke wa hema la pili aliyekuja kumchukua, Laurent alikuwa ananiosha nywele, Mungu wangu, alileta ndoo na kuniosha nywele na kusema leo walikuwa arobaini na moja... haikuwa yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyeugua kwa kukosa kazi, na nilipotoka nililitoa lile neno mgonjwa mwilini mwangu nikamvika yeye, bila kujua, kama unavyomvika mtoto sweta kwa sababu weye unasikia baridi, na miaka saba nimelisema mbele ya watu na yeye amelivaa, hajalivua hata mara moja, hajasema hata tukiwa siye wawili tu, Espérance, haikuwa vile. Na kurudi Bunia... mara ya kwanza nilichagua mimi, amesema leo, aliwaacha wale arobaini na moja ili anilete mahali ambapo kuna mashini, wiki ya kwanza tu akaazima moja kwa jirani, akaibeba kichwani, mwalimu mzima, mashini kichwani barabara nzima watu wakimwangalia, akaiweka mbele yangu akasema, kaa... na nilikaa. Nikashona. Nikapona, ee.

Nyuma ya nyumba Dany anavuta kamba ya jenereta, inakohoa, inakufa, anaitukana taratibu. "Laurent," nasema. "Eeh." "Kambini... njo mimi nilikuwa mugonjwa. Haikuwa weye." Sikuoni uso, mume wangu, na labda ni vizuri sikuoni. "Najua," anasema. "Na hukusema." "Ningesema nini? Ulikuwa umepona." Amelisema kama mtu anayesema chai iko tayari, na kifua changu kimejaa hadi nacheka, nacheka na machozi yanashuka na siwezi kuyapangusa kwa sababu nimeambiwa nibakie vile vile, mama Abigaël mjinga weye, siku nne unapima mizani iliyokuwa imepinda, ulimwogopea mtu asiyezama, "Sema asante kwa Lionel," ninamwambia, "Patience nitamupigia leo, sitangoja kesho," naye Laurent anakohoa kidogo, ile yake ya kabla ya kuandika ubaoni, "Mwambie Patience aanze kuulizia," anasema, "pale wanaposhona, ni mitaa gani batoto banaanguka hesabu," na Abigaël anauliza kama Kampala kuna ziwa, na Osée kama kuna mbwa, na kamba inavutwa tena kule nyuma na tena inakataa, na Dany anapaza sauti, "Mama, bado uko vile vile?" na mimi namjibu, kwa sauti kubwa kuliko chumba chake, ndiyo, ndiyo, Dany, niko vile vile.