Wanjiru wa Rurii

Wanjiru wa Rurii si mtu. Ni gugu, tena gugu dogo lisilo na majivuno, linalojilaza kwenye nyasi za mabondeni na kutoa vijiua vya zambarau ambavyo hata mbuzi havimshughulishi, kwa jinsi lilivyo chungu. Kila mtu wa Tetu analijua. Karani wa Nairobi hakulijua, ndiyo maana Theuri, kijana wa maabara ya Nyeri, alipoomba ruhusa ya kulipima alijibiwa kwa barua yenye muhuri kwamba huyo Wanjiru afike ofisini mwenyewe, pamoja na picha zake mbili ndogo.

Mkuu wa Theuri, Bi Sudha, mkemia aliyezaliwa papa hapa Nyeri nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, alicheka mpaka akavua miwani.

"Mwandikie ati Wanjiru ako na mizizi, hawezi kusafiri," alisema.

Ruhusa ilikuja Machi, mwaka wa sabini na moja. Pale maabara walidhani Theuri anatafuta cheo. Hakuna cheo alichotafuta. Alitaka kujua kama mama yake ndiye aliyemuua Wangechi.

Wangechi alikuwa dada yake mdogo. Alikufa kwa homa wakati wa Imajensi, miaka ile ya vita vya Mau Mau, akiwa na miaka minne, naye Theuri ana kumi. Mama yao, Watiri, alikuwa akitibu homa za majirani wote kwa gugu hilo, na kwa siku tatu alimnywesha mtoto maji yake machungu. Siku ya nne walimzika. Jioni hiyo Theuri alimwona mama yake akishusha kitita cha majani kilichokuwa kinaning'inia darini juu ya meko, akakitia chote motoni. Shangazi yake aliyekuwa kando akanong'ona, "Sasa ameona mwenyewe." Theuri aliyameza maneno hayo, akakua nayo.

Tangu hapo hakunywa dawa ya mkono wa mama yake. Chai alikunywa, uji alikunywa, githeri alikula na kuongezewa. Lakini akipiga chafya tu, vidonge vilikuwa vimeshatoka mfukoni kabla hajaulizwa. Watiri aliona. Aliendelea kutibu watu kwa gugu lile lile, mvua inyeshe isinyeshe akiteremka bondeni kulichuma kila alipoitwa, na hilo ndilo lililomchoma Theuri kuliko yote. Mtu anapata wapi moyo huo?

Jumamosi alipanda kwao Tetu na gunia, akateremka bondeni na mama yake.

"Unataka ngapi, baba?" Watiri aliuliza. Alimwita baba kwa kuwa ndiye aliyepewa jina la babu yake, baba mzazi wa Watiri, na kwa mama wa Kikuyu mtoto kama huyo ni baba mpaka kaburini.

"Ijae, maitu," Theuri alimjibu, yaani mama. " Nusu nitakausha."

Mkono wa Watiri ulisimama kwenye nyasi. "Kukausha ya nini?"

"Bi Sudha anasema serikali itataka kitu ya kuweka kwa pakiti."

"Haya," alisema mama, akainama tena. Alichuma polepole, shina moja moja, bila kung'oa mizizi.

Sungura wa maabara walikuwa kumi na wawili. Wote walidungwa sindano ya kuwapandisha homa, kisha wanne wakanyweshwa maji matupu, wanne maji ya majani mabichi yaliyochemshwa, na wanne maji ya majani makavu. Kila saa Theuri aliwapima joto. Sungura hampendi mtu mwenye kipimajoto, na ukijua kinapoingizwa huwezi kumlaumu. Kufika saa tisa alasiri, wale wa majani mabichi walikuwa wamepoa na wanagombania sukuma wiki. Wa maji matupu walikuwa wamejikunyata pembeni, wanahema. Na wale wa majani makavu walikuwa wamejikunyata vivyo hivyo.

Aliwapumzisha, akawabadilisha makundi, akarudia. Akarudia mara ya tatu. Jibu halikubadilika.

"Ikikauka inakuwa nyasi tu," Bi Sudha alisema, akiiaga ndoto yake ya pakiti. "Lakini usitangaze bado, Bwana Theuri. Hawa ni sungura, si watu."

Theuri alipaswa kufurahi, kwani gugu la mama yake lilikuwa na nguvu. Badala yake alikaa mbele ya daftari akakiona tena kile kitita cha juu ya meko, kikavu, cheusi kwa moshi.

Jumapili alimkuta Watiri ameketi uani akipukuchua mahindi. Kabla hajafungua daftari, mama aliuliza, "Zile kavu zilifanya nini?"

"Hakuna kitu. Kama maji."

Watiri aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Alilishika vile vile.

"Nilijua siku ya tatu ya Wangechi," alisema. "Vijana wa msituni walikuwa wamepiga homugadi, wale askari wa Mzungu wa kulinda kijiji, ndio geti ya kijiji ikafungwa wiki mbili. Hakuna kutoka, hata kwenda hospitali. Nilikuwa na zile za juu ya moto peke yake. Nikachemsha, nikachemsha. Na bondeni, ng'ambo ya mtaro wa kutuzuia kutoka, Wanjiru ilikuwa imejaa. Nilikuwa naiona nikisimama mlangoni, baba. Na maua yake."

"Ndio ukachoma kitita."

"Ningeweka ya nini?"

Miaka kumi na saba Theuri alikuwa amemhukumu mama yake kwa moto ule, na kumbe moto ule ulikuwa hasira yake na kilio chake. Aliona aibu, aibu nzito. "Kwa nini hukuniambia, maitu?"

"Ungeamini?"

Asingeamini. Ilibidi aambiwe na sungura.

Kuku walizunguka wakiokota punje zilizoruka. Kisha Theuri akasema, akiangalia viatu vyake, "Maitu, niko na homa kidogo."

Watiri alifuta mkono kwenye leso, akauweka juu ya paji la uso wa mwanawe. Aliuacha hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kumpima mtu. Paji lilikuwa baridi, na wote wawili walijua.

"Ni kweli," alisema. "Iko."

Aliinuka kwa kushika magoti, akateremka bondeni kwenda kuchuma.