Magodoro Tisa na Kaseti Moja

Mwaka 1992 Tonton Léopold, mjomba wa kila mtu na fundi wa redio pale Kadutu, Bukavu, alitangaza kwamba sasa yeye ni kampuni ya muziki. Juu ya mlango wake, chini ya maneno "Tunatengeneza pasi na redio", akapaka rangi: Éditions Léo. Kisha akakusanya vijana watatu wa kurap. Stanislas, aliyejiita Radi. Colombe, ambaye mama yake alidhani yuko kwaya. Na mdogo wangu Polycarpe. Albamu ingeitwa *Wapya wa Kadutu*: kaseti ya dakika sitini, kila mmoja ishirini.

Polycarpe alijali wimbo mmoja tu, ule wa mama yetu, Maman Cibalonza, aliyeuza mkaa, makala kama tunavyosema kwetu, sokoni. Aliuandika mwaka mzima. Mimi ndiye niliyeunakili vizuri kwenye daftari, na mistari hii miwili bado ninaijua bila kutazama:

*Maman anapanda na makala, miye nashuka na daftari,*
*yeye anahesabu mifuko, miye nahesabu mistari.*

"Maman hajuwe kusoma," aliniambia. "Daftari haitamuambia kitu. Lakini akisikia sauti yangu mu machini, atajua nilimuona."

Tatizo lilikuwa mvua. Ilikuwa Novemba, na Novemba ya Bukavu juu ya mabati haimwachi mtu asikie hata kikohozi chake. Tonton Léopold akaamua kufunika kuta na dari kwa magodoro. Hakuwa nayo, akaazima kwa majirani. Yakapatikana tisa, na kila mwenye godoro alisema neno lile lile: "Mutatupa jina yangu." Hata waimbaji wakubwa wa Kinshasa hutupa majina, yaani huwataja waliowasaidia, katikati ya wimbo. Sisi tungekataa vipi?

Maman Eulalie alitaka jina lake liende pamoja na la marehemu mume wake, kwa sababu godoro lilikuwa la huyo mume. Mwalimu Bisimwa alitaka isemwe wazi kwamba godoro lake ni la sponji, si la majani. Papa Jean-Marie, karani wa ofisi ya zone, serikali ya mtaa wetu, alituazima mashine yake ya kurekodia. Alikuja nayo mwenyewe, amevaa abacost, suti ya wakubwa wa serikali, akaketi kando yake, mkono juu ya kifuniko.

"Saa kumi inarudi kwangu," alisema. "Na titre yangu museme yote. Mara mbili kila upande."

"Juu ya nini mara mbili, papa?" Stanislas aliuliza.

"Wengine wanafikaka na retard, wanachelewa."

Stanislas alianza. Alikuwa na kipaji kweli, ulimi wake ulikimbia kama maji mteremkoni. Alirap jina la Papa Jean-Marie na cheo chake chote: chef de bureau adjoint, service ya état civil, ile ya kuandikisha vizazi na vifo. Alirap Maman Eulalie na marehemu wake. Alirap sponji. Alipowamaliza wenye magodoro na kuwashukuru wake zao, upande wa kwanza ukaisha. Hakuwa bado amefika kwenye jina lake mwenyewe.

Colombe akaanza upande wa pili kwa kuwashukuru watu wa parokia, waliotuazima kinanda. Wenye magodoro walikuwa wamejaa nje chini ya paa, wanasikiliza kama wametajwa. Kazi yangu ilikuwa kushika mlango. Katikati ya wimbo Mwalimu Bisimwa alinisukuma, akaingia.

"Eh! Sponji nimesikia, lakini Bisimwa imesemwa mbio mbio! Bibi yangu anasema haiko miye!"

Malalamiko yake yamo katika kaseti. Colombe aliyajibu kwa vina, na jibu likachukua dakika nne. Jina la chef de bureau liliporudi mara ya pili, Papa Jean-Marie alitikisa kichwa kama mtu anayepokea komunyo.

Ilipofika zamu ya Polycarpe, Tonton Léopold alichungulia kidirisha cha kaseti.

"Imebakia kidogo sana."

"Tufute kidogo ya mbele, tonton," nilisema.

"Mumufute marehemu wangu?" Maman Eulalie alipaza sauti kutoka nje. "Mara ya pili?"

Tonton Léopold akaiacha kaseti kama ilivyo. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Polycarpe alifungua daftari, akavuta pumzi. Papo hapo watu wa nje walijisogeza wajikinge, mlango ukanitoka mkononi, na mvua ikapiga daftari na waya wa umeme.

"Yaya Bibiane, funga mulango, mvua inaingia!" alinipigia kelele mimi, dada yake mkubwa.

Tak. Kaseti ikaisha.

Polycarpe alikaa chini. Papa Jean-Marie alikuwa ameshachomoa waya.

Tonton Léopold alitoa nakala hivyo hivyo. Kadutu nzima iliruka majina yote na kungoja ule mwisho. Vijana waliuimba kwenye ngazi za soko. "Nimerap nusu saa," Stanislas alilia, "na huyu anajulikana sababu ya mulango!"

Mama hakuruka kitu. Alisikiliza saa nzima kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Sauti ya Polycarpe ilipotoka, alicheka.

"Ni yeye. Siku zote anatuma wengine." Kisha akanigeukia. "Na mulango, ulifunga?"

"Nilifunga, maman."

Julai iliyofuata Polycarpe alipanda lori kwenda Sange kuuza kaseti. Lilipinduka kwenye mteremko wa Ngomo.

Kwenye kilio chake majirani walileta magodoro yale yale tisa, ya waombolezaji kulalia. Tonton Léopold alileta redio. Kitufe cha kupeleka mbele kilikuwa kimeharibika, kwa hiyo tulisikiliza yote. Kila aliyetajwa aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Papa Jean-Marie alisimama mara nne.

Ndipo mdogo wangu akasema maneno yake.

Chumba kizima kilitazama mlango. Ulikuwa wazi. Nje kulikuwa na jua na vumbi la kiangazi.

"Bibiane," mama alisema.

Nikainuka, nikaufunga. Tulikaa hivyo hadi jioni, joto likituchoma, na hakuna aliyeomba ufunguliwe.