Kitambaa Nilichomfunga Malou

Kitambaa kilikuwa changu. Nilikikata mwenyewe kwenye shuka la maua ya buluu. Naanza na hilo ili mama yeyote atakayesoma asije akasema msichana alijiumiza peke yake.

Malou ni binti yangu wa pekee. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na sita, na karavani zetu tulikuwa tumeziegesha ng'ambo ya mfereji, kama kila majira ya baridi hapa Alsasi. Kwetu, watu wa karavani, wanaume ndio wapigao solo ya gita, wasichana huimba. Lakini Malou alikuwa amepiga rithim, ile midundo ya kusindikiza, nyuma ya mjomba wake Bouska, kaka yangu, miaka mitatu bila kulalamika. Bouska hamfundishi mtu kwa maneno. Anapiga, wewe unatazama vidole. Ukimuuliza sauti hii inaitwaje, anakujibu, "Inaitwa hivi," kisha anaipiga tena.

Baada ya Noeli, Bouska akatangaza kwamba kwenye mkusanyiko wetu wa mwezi wa sita atahitaji mtu wa solo ya pili. "Atakayekuwa tayari atakaa kulia kwangu," akasema. Akamtazama mwanawe Yorgui. Halafu, Mungu anajua kwa nini, akamtazama Malou.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Malou alishika mshiko mmoja wa gita, akazitawanya sauti zake moja moja, kutoka uzi mnene hadi mwembamba, akashuka, akasogea hatua moja mbele, akapanda tena. Kisha akatafuta njia ya kutoka mshiko huu kwenda ule bila kuruka, kama mtu anayevuka kijito juu ya mawe. Asubuhi hadi mchana. Mimi nasuka viti vya majani, na mikono yangu ikaanza kwenda mbio kumfuata yeye. Gita likinyamaza, nashtuka. Likianza tena, nashtuka vilevile.

"Malou, kula."

"Nakula, mama."

Mkono wa kushoto uko kando ya sahani ya viazi, vidole vinapanda na kushuka juu ya meza.

Siku moja Yorgui akachungulia mlangoni. "Binamu, unapiga vizuri sana, kama mwalimu wa muziki wa mjini! Vidole vinne! Vyote hivyo umeviazima wapi?"

"Nenda ukaoshe masikio yako," Malou akamjibu. Lakini niliona neno limemwingia. Yorgui alikuwa anamsema yule mpiga gita wetu mkubwa wa zamani, aliyeunguliwa na karavani, moto ukamwachia vidole viwili vya kupigia solo, na kwa hivyo viwili akawaacha watu midomo wazi. Kwetu marehemu hatajwi ovyo. Tunasema "yule", inatosha.

Kesho yake Malou akanijia na mkono mbele. "Mama, nifunge cha pete na hiki kidogo. Vikunje ndani ya kiganja."

"Vitakuuma."

"Yule vilimuuma zaidi."

Nikafunga.

"Kaza, mama, vinachomoka."

Nikakaza. Nilikuwa na majivuno, sitaficha. Nilishamwona amekaa kulia kwa Bouska, na wanawake wenzangu wote wananitazama mimi.

Basi kila asubuhi, kahawa ikishanyweka, namfunga. Mwezi, miezi miwili. Solo yake ikawa kali, inaruka, inauma. Vidole vilivyofungwa vikawa vyeupe, baadaye vikawa vya zambarau. Akasema ni baridi. Nikavipaka mafuta ya bata bukini, nikavisugua, nikafunga tena.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumapili, alikuwa amefunguliwa, anaipua birika. Kidole kidogo kikaegemea jiko. Kikabaki pale pale.

"Malou! Kidole!"

Akatazama chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa habari za jirani. Hakuwa amesikia chochote.

Hapo nilikosea mara ya pili. Badala ya kumpeleka kwa daktari, nilimkimbiza kwa Bouska. Akaushika ule mkono, akaugeuza.

"Nani kamfunga?"

"Mimi."

"Dada, una wazimu?"

"Si ndivyo mnavyopiga nyie?"

"Nani anapiga hivyo? Malou, nipe macho." Akachukua gita, akapiga polepole, na kwa mara ya kwanza nikaona: kidole cha pete kinaingia kila anapopanda, na kidogo kinagusa juu kabisa, haraka, kama ndege anayedonoa. "Miaka mitatu uko na mimi. Ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikaa nyuma yako, mjomba," Malou akasema. "Nilikuwa naona mgongo."

Hakuna aliyecheka. Sisi ndio tuliomweka nyuma.

"Yule alipiga kwa viwili kwa sababu vilibaki viwili," Bouska akasema. "Na vile vilivyoungua alivilazimisha vimsaidie kushika. Angepewa kizima cha tatu, angekitumia kabla hajasema ahsante."

Yorgui alikuwa mlangoni, uso umemshuka. "Shangazi, mimi nilikuwa natania tu."

Daktari alisema mishipa ya fahamu imebanwa mno. Cha pete kingerudi. Kidogo, labda baada ya mwaka, labda kisirudi.

Mwezi wa sita Bouska alimkalisha kulia kwake hata hivyo. "Masikio yake yako tayari," akawaambia wanaume, na hawakumbishia. Cha pete kilikuwa kinachoka upesi, kwa hiyo Malou alipiga kwa viwili vilivyobaki. Watu wakasogea, wakasukumana. "Mtazameni, vidole viwili tu! Kama yule!" Walipiga makofi mpaka mbwa wakabweka. Mama mmoja akanishika mkono, macho yamemjaa machozi. "Mwenzangu, ulimfundishaje? Na wangu anajifunza."

Nilinyamaza. Ndiyo maana leo naandika. Mtoto wako akikuletea kitambaa, kitupe motoni, kisha umkalishe mbele ya anayemfundisha, mahali anapoona vidole.

Changu nilitaka kukichoma, maana kwetu vitu vya marehemu huchomwa. Malou akaninyang'anya. "Kidole hakijafa bado, mama."

Sasa ni majira ya baridi ya pili. Kila asubuhi anazipanda sauti zilezile kwa vidole vyote vinne, Bouska kamwamuru. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu pengo, pale kidole kidogo kinapopaswa kutua. Naacha majani mapajani, nasubiri. Jana nilidhani nimesikia kitu, mkwaruzo tu, kama ukucha juu ya kioo. Nikasimama.

"Ni hicho kidogo?"

"Sijui," akasema. "Nyamaza nirudie."