Safari ya Shaha Kirimba

Nchi ya Tandawili ilitandazwa kwenye mteremko mmoja mrefu, kijani juu na vumbi chini, kana kwamba aliyeifuma aliishiwa uzi katikati. Juu walikaa Mashaha, watu wa shingo nene na nyayo laini, katika bustani zilizorusha maji mchana kutwa bila mtu wa kuyanywa. Chini walikaa wengine wote, wakichimba visima vilivyotoa tope, wakiambiwa kila mwaka kwamba mto wao, Lumya, ulikufa kwa uzee.

Sheria ilisema hatawazwi Shaha asiyesafiri hadi mwisho wa nchi akarudi anajijua. Lakini Shaha gani angekubali kuchubuka kisigino? Ukazuka mtindo: mtu wa bondeni alisafiri badala yake, na siku ya kutawazwa akaketi nyuma ya pazia, akimnong'oneza safari sentensi kwa sentensi, naye Shaha akiitamka kwa sauti kama yake. Shaha akiruka neno, kiti kinampita. Msafiri naye aliapa kutosema tena "nilikwenda" maisha yake yote.

Kwa Shaha Kirimba alichaguliwa Nyange, binti wa mchimba visima, msichana ambaye hajawahi kuulizwa hata kama mboga imekolea chumvi. Waliomtangulia walijificha nyuma ya kilima cha kwanza miezi mitatu, wakitunga. Yeye hakuambiwa kwamba hilo linawezekana, akatembea. Alipotea, akachagua njia mwenyewe, akaimba na kushangaa kwamba ana sauti. Mwezi wa pili, nyuma kabisa ya mlima wa Mashaha, akasikia ngurumo ilhali mbingu ni nyeupe.

Ulikuwa Lumya. Mnene, hai, ukijigonga kwenye ukuta wa mawe wenye muhuri wa ukoo wa Kirimba, kisha ukimezwa na mfereji ulioelekea bustanini kwa Mashaha. Nyange akaugusa ukuta kwa kiganja. Baba yake alifukiwa na kisima akiutafuta mto huu chini ya ardhi.

Aliporudi, waziri Dongo alimpokea akitafuna karanga.

"Ilikuwaje, binti?"

"Ndefu, mzee."

"Ndefu ndiyo nzuri. Simba ulikutana nao? Shaha aliyepita alikuwa na wawili."

"Hakukuwa na simba."

"Basi mtie mmoja. Shaha hana nafasi ya kuisikiliza mara mbili, ataikuta huko huko uwanjani."

Uwanjani Kirimba aliunguruma vizuri, akiifurahia safari yake, na umati ukamwitikia kila kituo.

"Nikazunguka mlima," pazia likanong'ona.

"Nikazunguka mlima!"

"Nikauona Lumya, mzima, umefungwa kwa ukuta wenye muhuri wa nyumba yangu."

Kirimba alikwisha kulitamka neno la mwisho ndipo masikio yake yakalisikia. Mama mmoja alitua mtungi wake mtupu chini, polepole, kana kwamba ungevunja kitu. Dongo aliacha kutafuna.

Jasho likamshuka Kirimba shingoni. Akisita kinampita kiti, na huko nyuma pumzi ya msichana ilikuwa bado haijakwisha.

"Endelea," akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu anayeomba.

"Baba yangu," Nyange akanong'ona, "alifia kisimani akiutafuta."

Shaha akafungua kinywa, akayasema. Uwanja mzima ulijua kwamba baba yake Kirimba alifia kwenye godoro la sufi. Macho yakamwacha, jozi baada ya jozi, yakatua kwenye pazia.