Kadogo, Lakini Kazuli

Mume wangu hana r. Tangu nimjue hajawahi kuitamka hata kwa bahati mbaya. Kwake habari ni habali, rangi ni langi, na siku aliponiambia kwamba mimi ni mzuli nilicheka mpaka nikakubali kuolewa. Siku hizi hata kosa silisikii tena. L inatoka mdomoni mwake, inafika sikioni kwangu ikiwa r, na maisha yanaendelea. Ndugu zake wote wako hivyohivyo. Ukikaa nao mezani, ni wewe peke yako unayefanya kazi ya kutafsiri.

Kwa hiyo siku niliyompelekea chakula karakana, nikamsikia kupitia ukuta wa mbao akimsimulia mwenzake habari za Malta, mimi nilisikia Marta.

Mume wangu ni seremala, hasa wa madirisha. Mwenzake wa kazi tunamwita Bisibisi, kwa jinsi anavyochokonoa mambo ya watu. Mashine ilikuwa imezimwa, wamekaa juu ya vumbi la mbao wanasubiri gundi ikauke.

"Kadogo," mume wangu alikuwa anasema, "lakini kazuli, Bisibisi. Kamenimaliza. Nikifumba macho nakaona."

Bisibisi, kama kawaida yake, akataka kujua kama shemeji ameshaambiwa.

"Bado. Nikishapanga kila kitu ndiyo nitamwambia. Ni wiki moja tu, halafu naludi nyumbani."

Niliweka chakula juu ya rundo la mbao nikaondoka bila kubisha hodi. Kadogo. Kwa hiyo ni mfupi. Mimi ni mrefu, hata mlango wa jikoni nauinamia, na njia nzima nilikuwa nauchukia ufupi wa huyo mwanamke kuliko hata wizi wake.

Ni vizuri niseme kazi yangu. Niko kwenye duka la dobi. Asubuhi napokea nguo chafu, mchana napiga pasi zilizokauka, kwenye meza ya mwisho karibu na dirisha. Mashati ya nusu ya wanaume wa mji huu yamepita mikononi mwangu. Kwa kunusa kola tu najua nani amembadilishia mkewe manukato na nani amebadilisha mke. Sijawahi kumwambia mtu, lakini pua yangu siifungi.

Jioni ile nililikamata shati la mume wangu. Kola, kwapa, mifuko. Mbao, gundi, vanishi. Kesho yake vilevile. Nikahamia kofia, nikahamia koti: mbao, gundi, vanishi. Ningepata hata tone moja la manukato ningelala. Mwanamke asiyeacha harufu ni mwanamke anayejua anachofanya.

Halafu nikakumbuka kwamba siku hizo alikuwa haishi kwenda duka la rangi. Kila akirudi ana vibao vya sampuli, cha kijani, chekundu, cha buluu, anavipanga dirishani anavitazama. Na duka la rangi lina mhudumu mfupi, anapanda kreti ili aonekane juu ya kaunta. Nikajipeleka. Nikamuuliza bila salamu kama yeye ndiye Marta. Akaniambia kwa adabu kwamba pale hakuna Marta, labda nijaribu duka la pili. Nikajaribu duka la pili.

Mwisho wa wiki akaja wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Aliniona nimenuna juu ya ndoo ya viazi, akadhani nimeshaambiwa. Akavuta kigoda, akashika kisu, akaanza kunipoza.

"Wifi, usikasilike," akasema. "Malta ni ghali, hata mimi nilimwambia mdogo wangu hivyo. Lakini ameshaamua. Mwache aende, moyo wake utulie."

Nikamenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi. Ukoo mzima unajua. Wamekaa kikao, wamejadili na bei, na mimi naletewa taarifa ya kuvumilia.

Jioni nilimpakulia chakula, nikasubiri ale matonge mawili, nikamwambia achague, ni mimi au Marta.

Akaacha kutafuna. "Nani amekwambia kuhusu Malta?"

"Marta," nikasema. Hata hasira haikunizuia kumsahihisha.

"Malta."

"Marta."

"Malta, mke wangu. Kwa l. Hii ni l yenyewe."

Akainuka, akapapasa juu ya kabati, akashusha ukurasa wa kalenda aliopewa na mteja. Mtaa mwembamba unapanda mlima, nyumba za mawe ya rangi ya biskuti, na juu kwenye kila ukuta kuna kitu kimetokeza, chumba kidogo cha mbao na vioo, kingine cha kijani, kingine chekundu, kingine cha buluu. Roshani zilizofungwa pande zote, madirisha tu yanayoning'inia juu ya barabara. Malta ni nchi, akanieleza, ya visiwa, huko Ulaya, ndogo kiasi kwamba ukiitafuta kwenye ramani kidole kinaifunika. Anataka kwenda kuona kwa macho yake wale mafundi walizishikiza vipi pale juu. Alipokuwa anasema, kidole chake kilizunguka pembe za zile roshani polepole sana. Ni muda mrefu kidole hicho hakijanipitia mimi hivyo.

Nilicheka, kweli nilicheka. Miaka yote nimemrekebishia r zake, na siku moja aliyosema l sahihi nikairekebisha na hiyo. Nikajifuta machozi nikamuuliza tunaondoka lini.

Akaitazama sahani. Tiketi ni moja, akasema.

Nikamwambia kama tatizo ni pesa tungoje, tuchange wote wawili. Akatikisa kichwa.

"Kila kitu changu unakinusa," akasema. "Shati, mfuko, mpaka kofia. Nilitaka kitu kimoja tu ambacho hujakinusa bado."

Maneno yale hayakuwa na r hata moja. Yalinifikia kama yalivyotoka.

Watu wanasema wivu unaisha ukigundua hakuna mwanamke. Waongo hao. Marta ningemfuata kwake, tungeshikana, majirani wangetuachanisha, yangekwisha. Nchi utaishika wapi? Nilivaa uso wangu wa mbuzi na nikauvaa vizuri. Yeye sasa hakuwa na cha kuficha. Kila jioni anatandaza mipango yake mezani: viza, bima, nguo za baridi za kuazima kwa Bisibisi, simu ikiwa na picha za vyumba vya kupanga. Nami napita kwa ufagio, nafagia palepale nilipokwisha kufagia, jicho likiwa kwenye simu.

Jioni moja akasema amepata chumba. Mwenye nyumba ni mama mmoja, mjane.

"Mjane wa umri gani?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza baada ya siku kadhaa.

Hakujua. Nikaweka ufagio chini, nikavuta kiti, nikaichukua simu. Nikatafuta kwa bidii ambayo hata yeye hakuwa nayo, nikampatia chumba cha mzee mmoja mwenye meno machache, ghorofa ya juu kabisa, lifti hakuna. Akanong'ona kwamba ngazi ni nyingi. Nikamwambia zinafaa kwa afya. Akakubali. Hakubishana hata kidogo, akaanza kuandika jina la mzee yule.

Ndipo nikaziangalia picha tena. Chumba cha mzee dirisha lake linatazama ukuta. Cha mjane, kitanda kiko hatua chache kutoka kwenye roshani ya kijani, vioo pande tatu, bawaba za zamani zinaonekana mpaka misumari yake. Yeye alikuwa ameshaziona. Alikuwa ameziona, na bado aliandika jina la mzee ili mimi nipate amani.

"Futa," nikasema. "Chukua kwa mjane."

Akanitazama kama anasubiri sehemu ya pili.

"Lakini mlango ufunge," nikasema, nikarudi kwenye ufagio wangu.

Mashati yake ya safari niliyapiga pasi dukani, kwenye meza yangu ya mwisho. Nilikuwa nimeyaanua uani asubuhi hiyohiyo, na moja alishalijaribu mwilini kabla sijalibeba, nililijua kwa mkunjo wa kiwiko. Nikalinyanyua. Mkono wenyewe ukapanda na kola, kwa mazoea, mpaka karibu na pua. Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa anaongea na mimi, sikumsikia. Nikaishusha kola juu ya meza, nikainyoosha, nikapitisha pasi. Kati ya nguo zote nilizowahi kupiga pasi, ile ilikuwa ngumu kuliko zote.

Siku ya kuondoka Bisibisi alikuwa nje anapiga honi ya gari la kuazima. Mume wangu alisimama mlangoni na begi lake dogo, amevaa koti lisilo lake, akaniuliza aniletee nini. Bila shaka alitegemea kitambaa, au sabuni ya kunukia.

"Nguo chafu," nikamwambia. "Zote. Usifue hata moja huko."

Alililaza begi sakafuni, akalifungua, akarudi chumbani, akaongeza mashati mawili.