Sauti ya Kukamulia

Simu ya Euphrasie ilinuka. Ilinuka moshi wa kuni, mawese na jasho la kifua, maana katika kambi ya wakimbizi ya Lushebere huna pa kuficha kitu cha thamani isipokuwa ndani ya nguo. Lakini afadhali hiyo harufu ya nje. Ndani mlijaa maiti.

Tangu vita viwatawanye watu wa Mpofi, kijiji chake, kila mmoja na upande wake, walikuwa na kundi lao la WhatsApp. Lilianza kwa salamu na sala. Kisha mtu akatuma picha ya marehemu aliyeokotwa njiani ili wenyewe wamtambue, na tangu hapo ikawa ndiyo desturi: ukikuta maiti, piga picha, tuma, andika chini yake, "Mwenye kumutambua aseme." Waliita huruma. Huruma gani hiyo, kumfunua mwenzako kichwa kilichopasuka na kumrusha kwenye simu za watu walioketi kula? Wengine walituma hata wale waliokwisha kuzikwa, mradi tu waonekane wamefika mahali.

Euphrasie hakuwa akiziangalia. Kila zilipoingia mate yalimjaa mdomoni, akaifunika simu kwa kitenge. Ila hakufuta hata moja. Isidore, mumewe, alipotea siku walipokimbia, na huenda alikuwa humo.

Mchana mmoja aliipeleka simu kwa Camille, mfanyabiashara wa Butembo aliyekuwa na duka kando ya kambi na kuchaji simu za watu kwa sola. Camille akamweleza kwamba sisteme ya simu hiyo imezeeka. Mwezi ukiisha WhatsApp haitafunguka tena. Angeweza kumwekea mpya, ila nafasi ndani ya simu imekwisha, na lazima picha na video zote zitoke kwanza. Akanyoosha kidole azifute kwa mkupuo. Euphrasie akamshika mkono.

Laini yake ya zamani ilikwisha kukatwa. Namba ambayo Isidore aliijua kwa kichwa ilikuwa hai ndani ya WhatsApp tu. Hiyo ikifungwa, mume hana tena njia ya kumpata. Na akifuta bila kuangalia, huenda anamfuta Isidore mwenyewe, asijue kamwe kama ni mjane au mke wa mtu.

"Basi uangaliye wewe mwenyewe, Mama Euphrasie," Camille alisema, akigeuza uso pembeni. "Mimi siwezi. Nitatapika mu boutique."

Euphrasie akaketi nyuma ya duka, juu ya gunia la makaa, akaanza. Anaangalia, anafuta. Vidole vilivyovimba. Inzi kwenye midomo. Mtoto, na hapo akatema mate chini, akajifuta mdomo, akaendelea. Alimchukia kila aliyeshika simu juu ya miili hiyo kwa mkono usiotetemeka. Alijichukia na yeye pia, kwa vile moyo wake ulivyopata nafuu kila alipokuta ni mume wa mwingine.

Akafika kwenye video. Kijana alikuwa amelala matopeni, miguuni bote mpya za mpira, na tumbo lake lilikuwa likipanda na kushuka. Alikuwa hai. Alijaribu kujiinua. Ndipo mwenye kupiga video akagonga ulimi mara mbili na kuvuta sauti nyembamba kati ya meno.

"Tii, tii. Tulia. Tulia, wee."

Euphrasie akaisogeza simu sikioni. Kwao, katika vilima vya Masisi, kila mkamuaji ana sauti yake ya kumtulizia ng'ombe, na ng'ombe akiizoea hamwachii mwingine maziwa. Hiyo ilikuwa ya Isidore. Kwa miaka yote ya ndoa aliisikia alfajiri kutoka zizini, na alikuwa akimtania mumewe kwamba Maua, ng'ombe wao, anabembelezwa kuliko mke.

Kijana akatulia kweli. Akalaza kichwa matopeni kama aliyeahidiwa msaada. Sauti ile ile, laini vile vile, ikamwambia mtu wa pembeni:

"Muvue bote kwanza. Isiingie damu."

Euphrasie aliirudia video tena, maana alitaka sana iwe si yeye. Ikawa yeye. Chini yake waliandika, "Mwenye kumutambua aseme." Akainama kando ya gunia akatapika ugali wa asubuhi na yote yaliyobaki.

Camille alipomsikia akaja na maji. Akamuuliza taratibu kama amemwona mumewe.

"Hayuko mu wafu," Euphrasie alisema.

Camille akafurahi kwa dhati, maskini. Akasema hayo ndiyo maneno ya kusikia, Mungu ni mwema, basi asafishe yaliyobaki na kuweka sisteme mpya sasa hivi, mume asije akatafuta akakosa. Akanyoosha mkono kupokea simu.

"Hapana, Papa Camille. Usiweke. Iache ife hivi hivi, ife na ile namba."

Camille akarudisha mkono. Euphrasie akamwomba sabuni, akanawa mikono hadi viwikoni, akanawa uso, akasukutua mdomo. Kisha akasimama pale na sabuni mkononi, kwa sababu sauti ile ilikuwa bado sikioni, na ilikuwa bado inambembeleza.