Jicho la Kushoto la Hildegarda

"Moto umezimika," Donati alisema kutoka kibarazani, kana kwamba moto ule ulikuwa wa jirani.

Hildegarda, mkewe, hakuinuka mkekani. Ilikuwa siku ya tatu tangu apasuliwe kope ya juu ya jicho la kushoto. Tabibu alimkataza moshi, vumbi na kuinama mpaka nyuzi zitolewe siku ya nane. Zikifumuka, alimwonya, kope itageukia ndani tena na jicho litakufa.

Miaka sita nywele za kope zilimkwaruza mboni. Miaka sita alipalilia pamba ya kijiji huku machozi yakimchuruzika, na kila Jumamosi jirani yake Letisia alimnyofoa unywele mmoja mmoja kwa kibano. Hakuna mwanamume aliyeuliza. Leo asubuhi ndipo balozi wa nyumba kumi alipokuja kuuliza kwa nini haonekani shambani. "Jicho la kulia si bado linaona jembe, mama?" alisema, na Donati akacheka naye. Kicheko kile kilimchoma Hildegarda kuliko sindano.

"Puliza kidogo tu," Donati aliendelea. "Ufumbe macho."

"Puliza wewe."

"Watu wataniona."

Shida yote ilikuwa hiyo. Kule milimani Vidunda nyumba zilikaa mbalimbali, mume angeweza kusonga ugali na asijue mtu. Huku bondeni walikohamishiwa, nyumba zilipangwa mstari, mlango kwa mlango, na mwanamume akionekana jikoni angetaniwa mpaka uzeeni.

"Nimekupikia miaka kumi na tisa ndani ya moshi huo," Hildegarda alisema polepole, asikunje uso. "Jicho ni langu. Ukitaka kula, ingia."

Donati aliinuka. Kisha akatazama kushoto na kulia, akakimbilia kibanda cha jiko, akajifungia mlango. Mjinga yule. Jiko halikuwa na dirisha, na moshi ulitokea mlangoni tu. Kila mwanamke alijua hilo. Hildegarda alifungua kinywa amwambie, akakifunga.

Moshi ulianza kupenya kwenye nyasi za paa. Ndani mtu mzima akakohoa, akapiga chafya, kisha akamwita mkewe, mara moja, kwa sauti ya kuomba. Ng'ambo ya njia Letisia alisimamisha mchi hewani, akamtazama Hildegarda.

Hildegarda alisogeza mkeka wake upande ambao upepo ulikuwa safi, akaketi.